Vinara vya Shaba Nyeupe: Wakati Madini Yalipokuwa Ghali Kuliko Jasho

Askari, awe wa jeshi au wa polisi, hahitaji kufundishwa shaba nyeupe ni kitu gani. Ameiona katika bizimu ya mkanda, katika vifungo vya koti la gwaride, katika tarumbeta za bendi, na katika maganda ya risasi yaokotwayo na kuhesabiwa baada ya mazoezi ya shabaha. Anaijua pia tabia yake: ukiiacha siku kadhaa inafifia, ukiisugua inang'aa mfano wa dhahabu. Nyumbani nako akina mama wanaifahamu kwa sinia, kwa birika na kwa vyombo vinavyotolewa sandukuni wakati wa sikukuu.

Leo tunapenda kumweleza msomaji habari za jamaa mmoja mkongwe wa bizimu hiyo, nacho ni kinara cha mshumaa kilichofanywa Ulaya baina ya karne ya 15 na ya 19. Vinara hivyo huwekwa katika majumba ya makumbusho, na vilivyo bora hununuliwa kwa bei kubwa na watu wapendao vitu vya kale. Wengi husifu mng'ao wake. Lakini mwenye kutaka kukijua kinara hana budi kukipindua na kukitazama chini ya kitako, maana huko ndiko fundi alikoacha alama za kazi yake: mahali alipokwangua, mahali alipogonga ribiti, mahali alipounga vipande viwili. Alama hizo, zikisomwa vizuri, zatuambia jambo moja. Katika zama zile madini yalikuwa ghali kuliko jasho la mwanadamu, na kinara kilifanywa kwa kufuata hesabu hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

MADINI YALIYOJIFICHA

Kwa Kiswahili, shaba iliyo safi huitwa shaba nyekundu, na ile iliyochanganywa na zinki huitwa shaba nyeupe, ingawa rangi yake huelekea manjano. Ganda la risasi, mathalan, hufanywa kwa sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki, kwa kuwa mchanganyiko huo hukubali kuvutwa na kukandamizwa pasipo kupasuka.

Ajabu ni kwamba mafundi wa Ulaya waliifanya shaba nyeupe kwa karne nyingi bila kuiona zinki yenyewe. Sababu yake ni hii. Zinki hugeuka mvuke kwenye joto la digrii 907 za sentigredi, hali shaba nyekundu haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,085. Mtu akiyachoma mawe yenye zinki pamoja na makaa katika tanuri lililo wazi, zinki hutoka kama mvuke, huungua hewani na kupotea kuwa moshi mweupe.

Njia iliyojulikana tangu zama za Warumi ilikuwa kuyasaga mawe hayo, yaitwayo kalamini, kuyachanganya na makaa yaliyopondwa, na kuyatia katika vyungu vya udongo pamoja na vipande vidogo vya shaba nyekundu. Vyungu vilifunikwa, vikakaa motoni saa nyingi, na joto likatunzwa lisifike kiasi cha kuyeyusha shaba. Mvuke wa zinki, ukiwa umekosa pa kutokea, ulipenya ndani ya shaba. Ndipo moto ulipozidishwa, vyote vikayeyuka, na shaba nyeupe ikamiminwa. Fundi aliiona shaba yake imebadilika rangi na kuongezeka uzito. Alidhani kwamba jiwe limeitia rangi tu, kama mwanamke anavyoutia ukili rangi kabla ya kusuka mkeka.

Kwa njia hiyo, zinki iliyoingia katika shaba mara chache ilizidi asilimia 30. Wakati huo huo mafundi wa Zawar, katika Rajasthan nchini India, walikuwa wamekwisha kujua namna ya kuupoza mvuke na kuipata zinki yenyewe, karne kadhaa kabla ya Ulaya. Uingereza ilichelewa: William Champion wa Bristol alipewa hati ya kulinda njia yake ya kuitoa zinki mwaka 1738, na James Emerson alipewa hati ya kuichanganya moja kwa moja na shaba nyekundu mwaka 1781.

MIJI YA WAFUA SHABA

Kalamini ilipatikana kwa wingi katika nchi ambayo leo ni mpaka wa Ubelgiji na Ujerumani, karibu na mji wa Aachen. Mgodi wake mashuhuri ulikuwa Altenberg, mahali paitwapo leo Kelmis. Wafua shaba walikaa katika miji ya karibu, na mmoja wa miji hiyo, Dinant, ulio kando ya mto Meuse, ulipata sifa kubwa hata vyombo vya shaba vikaitwa kwa Kifaransa dinanderie, yaani kazi ya Dinant.

Vita haikuujali ufundi huo. Mwaka 1466 majeshi ya Burgundy yaliuzingira mji, yakauteka na kuuteketeza. Mafundi waliosalimika walitawanyika wakaenda Namur na miji mingine, na ujuzi wao wakaenda nao. Dinant ilijengwa tena, walakini haikuurudia ukuu wake wa zamani katika biashara ya shaba. Kuta za mji zaweza kuinuliwa upya kwa mawe na chokaa. Kumpata fundi aliyekwisha ondoka ni kazi nyingine.

Ujuzi huo uliendelea kwingineko. Nuremberg, katika Ujerumani, ilikuwa na mafundi hodari wa kukereza shaba. Huko Aachen ugomvi wa madhehebu uliwafanya wafua shaba wa Kiprotestanti wahamie Stolberg, ambayo katika karne ya 17 ikawa mji mkubwa wa kazi hiyo. Uingereza nayo iliunda kampuni ya migodi na vyombo vya shaba kwa hati ya kifalme mwaka 1568, lakini kampuni hiyo ilishika haki ya peke yake, na biashara ikadumaa. Haki za namna hiyo zilipovunjwa kwa sheria ya mwaka 1689, watu wengine walijitokeza. Mwaka 1702 Abraham Darby na wenzake walianzisha kiwanda cha shaba nyeupe cha Baptist Mills, karibu na Bristol. Baadaye, katika karne ya 18, mji wa Birmingham ukazipita nyingine zote kwa kusubu vyombo vya nyumbani.

MSHUMAA ULIAMUA UMBO LA KINARA

Umbo la kinara halikutokana na mapambo peke yake. Mshumaa ndio uliotoa amri. Makanisani ilitumika mishumaa ya nta ya nyuki, iliyo migumu na minene, nayo ilichomekwa juu ya mwiba wa chuma au shaba. Watu wa kawaida walitumia mishumaa ya mafuta ya ng'ombe na kondoo, yaliyoyeyushwa na kugandishwa juu ya utambi. Mshumaa wa namna hii ni laini, hunuka, hutoa moshi, na hupasuka ukichomekwa kwenye mwiba. Kwa hiyo ulihitaji kikombe cha kuukumbatia, na chini ya kikombe kisahani kipana cha kupokea matone.

Vinara vya karne ya 16 na ya 17 vina tundu moja au mawili ubavuni mwa kikombe. Mtu asiyejua huyadhania kuwa ni pambo. Kumbe ni mahali pa kuingizia kijiti au ncha ya kisu ili kukisukuma nje kipande cha mshumaa kilichosalia, kwa kuwa hakuna aliyekubali kukitupa. Baadaye mafundi walitia ndani ya shina fimbo nyembamba ya kukisukuma kipande hicho kutoka chini, na ufundi huo ulienea sana katika karne ya 19.

Utambi nao ulikuwa mtumwa wa kuangaliwa. Ulipoungua uliacha masalio meusi yaliyopunguza mwanga na kuufanya mshumaa utiririke, hivyo ilipasa ukatwe mara kwa mara kwa mkasi maalumu wenye kisanduku cha kuyapokea masalio. Taabu hiyo ilipungua katika karne ya 19, ulipopatikana utambi wa kusuka, ambao hujipinda na kujiteketeza wenyewe, na ilipokuja mishumaa migumu ya stearini na ya nta ya parafini.

Nuru yenyewe ilitozwa kodi. Katika Uingereza mishumaa ililipiwa ushuru tangu mwaka 1709 hadi mwaka 1831, na ilikatazwa mtu kujitengenezea nyumbani bila kibali. Ndiyo maana kinara kimoja kilichukuliwa kutoka chumba hadi chumba, na familia nzima ikakaa kukizunguka.

Katika Uholanzi kuna aina moja ya kinara ambacho watu hukiita kwa jina la Heemskerck. Jacob van Heemskerck na Willem Barentsz walikuwa wakitafuta njia ya kwenda China kwa kupitia bahari ya kaskazini. Barafu ikaikamata merikebu yao, nao wakalazimika kukaa majira ya baridi ya mwaka 1596 hadi 1597 katika kibanda cha mbao kisiwani Novaya Zemlya. Mwaka 1871 nahodha wa Norway, Elling Carlsen, alikikuta kibanda hicho. Miongoni mwa vitu vilivyokuwa vimesalia humo kwa karne mbili na zaidi, vilikuwamo vinara vya mishumaa.

KAZI YA MCHANGA NA MOTO

Sasa na tueleze namna kinara kilivyosubiwa. Kwanza alihitajika kielelezo, yaani mfano wa kinara uliochongwa kwa mti au kufanywa kwa metali. Fundi alichukua fremu mbili zinazolingana, akazijaza mchanga laini wenye unyevu na udongo kidogo, akakikandamiza kielelezo baina yake, nusu huku na nusu huku. Unga wa makaa ulinyunyizwa ili mchanga usigandamane. Fremu zilipotenganishwa, kielelezo kilitolewa, nacho kikaacha nafasi yenye umbo lake. Fundi alichimba kijia cha kuingizia shaba na vijia vya kutolea hewa, akazikausha fremu, akazifunga pamoja na kuimimina shaba iliyoyeyuka.

Ilipopoa, mchanga ulivunjwa na kinara kikatoka kikiwa kichafu na chenye mikwaruzo. Hapo ndipo kazi ndefu ilipoanza. Kiliondolewa mabaki kwa tupa, kikafungwa kwenye kerezo, na kikakerezwa nje mpaka kikawa laini. Kitako kilikwanguliwa hata kwa ndani, mahali ambapo hapana jicho lingefika. Fundi alifanya hivyo kwa ajili ya mizani: kila chembe iliyokwanguliwa ilikusanywa na kurudishwa chunguni. Saa nzima ya mtu ilikuwa rahisi kuliko konzi ya vumbi la shaba.

Shina la kinara ndilo linaloonyesha hesabu hiyo waziwazi. Katika vinara vingi vya kale shina lilisubiwa zima, bila uwazi ndani, nalo ni zito. Tangu mwisho wa karne ya 17 mafundi wa Uingereza na Ufaransa walishika njia nyingine. Walilisubu shina kwa nusu mbili zenye uwazi, mfano wa maganda mawili ya karanga, kisha wakaziunga kwa lihamu yenye zinki nyingi, ambayo huyeyuka kabla ya shaba yenyewe, wakitumia tinikali, ile dawa waitumiayo masonara. Kazi iliongezeka: kusubu mara mbili, kupiga tupa, kuunga na kulainisha. Lakini shaba ilipungua sana, na fundi akaona amepata faida. Kuelekea mwisho wa karne ya 18 walirudia kusubu shina zima lenye uwazi, kwa kuweka kiini cha mchanga katikati ya kalibu, na mshono ukatoweka.

Shina liliunganishwa na kitako kwa kupitishwa katika tundu na kugongwa kama ribiti. Vingine vilikazwa kwa parafujo iliyokatwa kwa mkono.

BEI ILIYOLIPWA NA WENGINE

Ikiwa madini yalikuwa ghali na jasho rahisi, yafaa tuulize jasho hilo lilikuwa la nani.

Kwanza ni mafundi wenyewe. Moshi mweupe wa zinki uliojaa katika vyumba vya kusubia uliwaletea homa ya namna yake. Mtu alirudi nyumbani jioni akitetemeka kwa baridi, akatokwa jasho usiku kucha, na asubuhi akaamka amepona, akarudi kazini. Homa ilikuwa kali zaidi siku ya Jumatatu, kwa sababu mwili uliozoea moshi huo hupoteza mazoea yake baada ya mapumziko. Mwaka 1862 daktari Mwingereza Edward Headlam Greenhow aliiandika homa hiyo kuwa ni ugonjwa wa wasubu shaba. Viwandani Birmingham walifanya kazi pia wanawake na watoto wadogo, na hali ya watoto hao ilichunguzwa na tume ya serikali katika miaka ya 1860.

Pili ni watu wa Afrika. Shaba nyeupe ile ile iliyofanya vinara ilisubiwa pia kuwa bangili nzito zilizo wazi upande mmoja, ziitwazo manilla. Wareno walizipeleka Afrika ya Magharibi tangu karne ya 15, wakanunulia pilipili, pembe za ndovu, na wanadamu. Mwaka 1548 matajiri wa ukoo wa Fugger wa Augsburg waliandikiana mkataba na mfalme wa Ureno wa kumletea bangili hizo kwa wingi mno. Katika karne ya 18 Bristol, mji wenye viwanda vya shaba, ulikuwa pia miongoni mwa bandari kubwa za biashara ya watumwa, na vyombo vya shaba vilikuwa sehemu ya shehena iliyobadilishwa kwa watu. Uingereza iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807.

Lakini kisa hakiishii hapo. Katika ufalme wa Benin, ulio katika Nigeria ya leo, wasubu shaba wa Oba waliziyeyusha bangili hizo na kuzigeuza kuwa vichwa vya wafalme na mabamba yenye picha za askari na watu wa baraza. Kazi hizo ni bora kupita vinara vyote tulivyovieleza. Majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Benin mwaka 1897, yakachukua maelfu ya vitu hivyo, navyo vikasambazwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima risasi iliyomo ndani ya metali, na ukaonyesha kwamba shaba ya bangili nyingi, na ya kazi za Benin, yalingana na mawe ya nchi ya mto Rhine katika Ujerumani. Basi mawe ya nchi hiyo moja yaliweza kuangaza meza ya tajiri wa Ulaya, kumnunua mtu wa Guinea, na kuhifadhi sura ya Oba.

KUKITAMBUA NA KUKITUNZA

Vinara vya kale viliigwa sana tangu mwisho wa karne ya 19, na vingi viuzwavyo kuwa vya kale ni vya mfano tu. Kuna dalili chache za kumsaidia mnunuzi.

Mosi, tazama chini ya kitako. Kinara cha kale cha Kiingereza mara nyingi kimekwanguliwa vizuri kwa ndani, na miduara ya kerezo yaonekana. Cha kuiga mara nyingi kimeachwa na vishimo vya mchanga.

Pili, lipulizie shina pumzi ya mdomo. Ikiwa lina mshono, mstari mwembamba utajitokeza kutoka juu hadi chini, upande huu na upande wa pili.

Tatu, pitisha kidole kwenye kingo. Mikono ya vizazi vingi hulainisha kingo mahali paguswapo, wala si kila mahali kwa usawa.

Nne, usilitafute jina la fundi kuwa ndilo ushahidi pekee. Vinara vingi vya kweli havina jina la mtu yeyote.

Kwa upande wa kusafisha, chombo cha shaba cha matumizi ya kila siku chaweza kusuguliwa kwa limau na chumvi kidogo, kisha kioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni na kukaushwa mara moja. Limau likiachwa juu yake litaitia madoa. Chombo cha kale kisisuguliwe kwa mchanga, majivu wala waya, maana kila msuguo huondoa shaba kidogo pamoja na alama za fundi. Nta iliyoganda isikwanguliwe kwa kisu wala kuchomwa motoni. Mwagia maji ya moto, ikilainika itoe kwa kijiti cha mti na kitambaa. Na mshumaa wowote uwashwao, hasa watoto wakiwapo, uwekwe mbali na pazia na chandarua, wala usiachwe ukiwaka watu wakaenda kulala.

Mama au baba atakayekishika chombo cha shaba, hata kiwe sinia la kawaida la nyumbani, na akipindue na kuwaonyesha watoto alama zilizo chini yake. Wajue kwamba kitu chochote kizuri kiliwahi kupita mikononi mwa mtu aliyechoka, na kwamba kumthamini mtu huyo ni wajibu, hata kama jina lake halikuandikwa popote.